Dunda na Karbala: Mji Uliotulia na Mji wa Ziara

Vijana wengi wa huku kwetu wakikimbilia Dar es Salaam huwa na sababu moja. Husema mji wa Bagamoyo umekufa. Wazee wakisikia hivyo hawakubali. Wao husema mji haukufa, umetulia tu. Maneno haya mawili hayafanani hata kidogo. Kilichokufa huzikwa. Kilichotulia kina uhai, na kinaweza kumfaa mtu.

Ili tulielewe jambo hili, leo tutaiweka miji miwili kwenye mizani. Mmoja ni wetu wenyewe. Ni Dunda, kata ya mji wa Bagamoyo, ufukweni mwa Bahari ya Hindi. Wa pili uko mbali, katika nchi ya Iraki. Unaitwa Karbala, nao ni mji mtakatifu kwa Waislamu wa madhehebu ya Shia. Mmoja hauna msongamano. Mwingine hupokea mamilioni ya watu kwa siku chache. Hebu tuone kila mmoja ulifikaje hapo, na sisi tujifunze nini.

DUNDA ILIVYO

Anayefika Dunda kwa mara ya kwanza huona minazi, mchanga na majumba ya zamani ya mawe. Baadhi ya majumba bado yana milango ya nakshi. Mengine yamebaki kuta tupu. Asubuhi mashua na ngalawa huingia na samaki, na mnada huanza pale pale pwani. Wakaanga samaki huwasha majiko yao. Adhana husikika, na kengele ya kanisa pia husikika. Mchana jua likiwa kali, watu hukaa barazani. Jioni bao huchezwa. Mtu akipita bila kutoa salamu, watu huulizana huyu ni nani.

Lakini mji huu haukuwa hivi siku zote. Katika karne ya 19, Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara kutoka bara. Njia hiyo ilianzia Ujiji, Ziwa Tanganyika, ikapita Tabora. Ni mwendo wa kilomita 1,200 hivi, na watu waliukata kwa miguu. Wapagazi, hasa Wanyamwezi, walishuka na pembe za ndovu mabegani. Walirudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Watumwa nao waliletwa kwa njia hiyo, wakiwa wamefungwa, wasijue waendako.

Ndiyo maana jina la mji huu linaelezwa kwa namna mbili. Wengine husema ni "bwaga moyo" ya mpagazi: nimefika, natua mzigo, moyo utulie. Wengine husema ni ya mtumwa: nauacha moyo wangu huku, mwili unakwenda ng'ambo. Maelezo yote mawili yanatukumbusha kwamba mji huu ulijengwa kwa miguu ya watu.

Mwaka 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo. Mwezi wa Februari 1874 maiti ya David Livingstone ilifikishwa hapo. Watumishi wake, akina Susi na Chuma, ndio walioileta kutoka bara. Baadaye Wajerumani waliifanya Bagamoyo makao makuu ya koloni lao. Mwaka 1891 wakayahamishia Dar es Salaam. Kisha reli ya kati ikajengwa kuanzia Dar es Salaam, ikafika Kigoma mwaka 1914. Nani tena angebeba pembe begani mpaka Bagamoyo? Misafara ikakoma. Meli kubwa nazo zikaenda kwenye bandari yenye kina kirefu. Mji ukatulia.

KARBALA IKO WAPI?

Sasa tuvuke bahari. Karbala iko kilomita 100 hivi kusini-magharibi ya Baghdad, mji mkuu wa Iraki. Haina bahari. Upande mmoja kuna mashamba ya mitende, upande mwingine jangwa. Mto ulio karibu ni Furati, ambao katika Biblia huitwa Frati. Wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40. Sisi wa pwani tumezoea joto la jasho. Joto lao ni kavu, linapasua midomo.

Mwaka 680 hapakuwa na mji pale. Palikuwa uwanja mtupu. Kilichopafanya pawe mji ni vita vya siku moja, na makaburi yaliyobaki baada ya vita hivyo.

KISA CHA HUSSEIN

Mtume Muhammad alifariki mwaka 632. Waislamu hawakukubaliana nani aongoze baada yake. Kundi moja lilisema uongozi ulikuwa haki ya Ali, binamu yake Mtume na mume wa bintiye Fatima, na baadaye haki ya watoto wa Ali. Hao ndio chanzo cha Washia. Waislamu wengi wa mwambao wetu ni Wasuni, wafuasi wa madhehebu ya Shafi. Wasuni na Washia wanasoma Kurani moja na wanaelekea kibla kimoja. Tofauti yao kubwa ilianza kwenye uongozi.

Hussein alikuwa mtoto wa Ali na Fatima, yaani mjukuu wa Mtume. Mtawala wa wakati huo, Yazid mwana wa Muawiya, alimtaka amtii. Hussein akakataa. Watu wa mji wa Kufa walimwandikia barua aje awaongoze. Alipokuwa njiani wao wakaogopa, wakamwacha. Jeshi likamzuia Karbala, pamoja na jamaa zake na watoto. Wakanyimwa maji ya mto ilhali mto ulikuwa karibu. Ndugu yake Abbas aliuawa alipokwenda kuteka maji. Siku ya 10 ya Muharram, mwaka wa 61 wa Hijra, Hussein naye aliuawa. Kwa desturi husemwa wenzake waliokufa naye walikuwa 72. Dada yake Zainab na wanawake wengine walichukuliwa mateka mpaka Damascus.

Siku hiyo huitwa Ashura. Wasuni wengi hufunga siku hiyo, wakikumbuka Nabii Musa alivyookolewa na Farao. Kwa Washia ni siku ya msiba. Huvaa nguo nyeusi, hulia, na husimulia kisa kile tangu mwanzo. Katikati ya jiji la Dar es Salaam huwa na maandamano ya Ashura kila mwaka. Wengi wetu tumeyaona bila kujua maana yake. Kumbe ni kilio cha msiba wa zaidi ya miaka 1,300.

Wapo wanaouliza: ati, watu hawa wanaabudu kaburi? Washia wenyewe wanajibu kwamba wanamwabudu Mungu peke yake, na kaburini wanakwenda kuzuru na kuomba dua. Tena safari hiyo hawaiiti hija. Hija ni ya Makka tu. Ya Karbala wanaiita ziara. Wako Waislamu wasiokubali ziara za namna hiyo, na mjadala huo ni wa zamani. Kazi yetu hapa si kuamua. Tunaeleza watu wanafanya nini na kwa nini, ili tusimseme jirani kwa jambo tusilolijua.

Jambo jingine watu huchanganya. Huona Mwislamu mwenye asili ya Kihindi, basi wakadhani wote ni kundi moja. Sivyo. Wako Maithnaasheri, ambao hufuata Maimamu 12, Hussein akiwa wa tatu. Wako Waismailia, ambao kiongozi wao ni Aga Khan. Wako Mabohora, wenye kiongozi wao mwingine. Wote hao asili yao ni Shia. Sewa Haji Paroo, tajiri aliyejenga shule ya ghorofa Bagamoyo mwaka 1896 kwa ajili ya watoto wa rangi zote, alikuwa Khoja wa Kiismailia. Na Washia wa Tanzania si wenye asili ya Kihindi peke yao. Waafrika pia wamo.

AROBAINI YA HUSSEIN

Sisi wa pwani tunaijua arobaini. Mtu akifa, siku ya 40 watu hukusanyika, husoma hitima, hula pamoja. Washia nao wana arobaini ya Hussein. Kwa Kiarabu ni Arbaini, neno lile lile. Huangukia tarehe 20 ya mwezi wa Safar. Tofauti ni kwamba arobaini hii hufanywa kila mwaka, na wanaofika si watu wa mtaa mmoja.

Mwaka 2022 wasimamizi wa ziara walitangaza kwamba watu zaidi ya milioni 21 waliingia Karbala katika siku za msimu huo. Tulinganishe. Sensa ya mwaka huo huo ilihesabu Watanzania 61,741,120. Basi fikirini: theluthi moja ya watu wa nchi yetu waingie katika mji mmoja, tena kwa muda wa siku chache!

Wengi hutembea kwa miguu kutoka mji wa Najaf, alikozikwa Ali. Ni kilomita 80 hivi. Ni kama mtu atoke Dar es Salaam mpaka Bagamoyo, kisha aongeze kidogo. Huchukua siku tatu au zaidi. Wamo wazee, wamo akina mama wenye watoto mgongoni, wamo walemavu katika viti vya magurudumu. Kando ya barabara kuna nguzo zaidi ya 1,400 zenye namba. Watu wakipotezana, huambiana: tukutane nguzo namba fulani. Hapo mtu asiyejua kusoma namba hupata taabu.

NANI ANAWALISHA?

Hili ndilo jambo linalowashangaza wageni wengi. Chakula cha njiani hakiuzwi, kinagawiwa bure. Kila baada ya hatua chache kuna hema au banda la huduma. Wenyeji hupika wali, maharage, nyama na mikate. Hugawa chai na maji. Wengine huwakanda wasafiri miguu. Wengine hushona viatu vilivyokatika. Usiku wenye nyumba hufungua milango, mgeni akalala bila malipo.

Fedha hutoka wapi? Watu huchanga. Ukoo au mtaa huunda kikundi, huweka akiba mwaka mzima, siku zikifika hutumia yote. Wapo wakulima wa hali ya chini wanaochangia gunia la mchele. Sisi tunalijua jambo hili. Kwenye harusi na misiba yetu twachanga vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba wao wamelipangia kamati, zamu na daftari, na wanalirudia kila mwaka.

KWA NINI MJI ULE HAUKUTULIA?

Karbala imepata mapigo mengi. Katika karne ya 9 khalifa Mutawakkil aliamuru kaburi la Hussein libomolewe. Mwanzoni mwa karne ya 19 washambuliaji kutoka Najd waliuteka mji, wakaua maelfu na kupora mali. Mwaka 1991 jeshi la Saddam Hussein lilipiga mabomu mji huo wakati wa maasi. Serikali yake ilizuia pia matembezi ya Arobaini. Watu wakatembea kwa siri, usiku, wakipita katika mashamba ya mitende. Serikali hiyo ilipoanguka mwaka 2003, barabara zilijaa tena.

Sasa tupime. Bagamoyo ilikua kwa sababu ya njia ya biashara na makao ya serikali. Njia ilipohama na serikali ilipohama, watu walihama nazo. Karbala ilikua kwa sababu ya kumbukumbu. Kumbukumbu haihamishwi kwa reli. Hata mji ulipobomolewa, watu waliendelea kuja kwa sababu kilichowavuta kilikuwa moyoni mwao.

Biashara huenda penye faida. Leo iko kwako, kesho iko kwa jirani. Mji unaotegemea kitu kimoja tu hutetereka kitu hicho kikiondoka.

UZITO WA WAGENI

Lakini tusiutamani mji wa watu wengi kwa kuona upande mmoja tu. Wageni ni baraka na ni mzigo.

Kwanza, maji. Karbala ilinywa maji ya mfereji uliochimbwa kutoka Furati. Mfereji ulipojaa matope, mji mzima ulipata shida. Mji wenye wageni wengi huhitaji maji na vyoo kuliko majumba mazuri.

Pili, maradhi. Katika karne ya 19 kipindupindu kilisafiri na misafara ya ziara katika nchi zile. Huku kwetu pia, mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu wengi sana Unguja na katika mwambao. Kilikuja na misafara. Ugonjwa hauchagui msafara wa pembe wala msafara wa dua.

Tatu, msongamano. Tarehe 10 Septemba 2019, siku ya Ashura, watu walikanyagana Karbala. Walikufa watu 31 au zaidi. Nne, maadui. Tarehe 2 Machi 2004, pia siku ya Ashura, mabomu yalilipuka Karbala na Baghdad, yakaua watu zaidi ya 100.

Mtu wa Dunda hulala mlango wazi akitaka upepo wa bahari. Mtu wa Karbala hupita kwenye ukaguzi wa askari ili aingie katika mji wake mwenyewe. Basi utulivu nao ni mali, ingawa hauuzwi sokoni.

JE, SISI HATUNA WAGENI?

Tunao. Tena wengine huja kwa sababu ya kumbukumbu, kama wa Karbala.

Bagamoyo aliishi Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kama Sheikh Ramiya. Aliletwa pwani kutoka Kongo akiwa mtoto, akiwa mtumwa. Akasoma, akawa mwanachuoni na khalifa wa tarika ya Kadiria. Alifariki mwaka 1931. Maulidi aliyoyaanzisha yaliwaleta Bagamoyo maelfu ya watu kutoka sehemu nyingi. Mtu aliyefika bila hata jina la ukoo wake akawa sababu ya wengine kufunga safari!

Mwaka 2018 Wakatoliki walikusanyika Bagamoyo kuadhimisha miaka 150 ya uinjilishaji, tangu misheni ya 1868. Kaole, karibu na mji, kuna magofu ya misikiti na makaburi ya karne nyingi, na wageni huja kuyatazama. Tena kuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Tamasha lake huleta wachezaji ngoma na watazamaji kutoka nchi mbalimbali.

Wapo pia wageni wa namna nyingine, wale wa kutafuta ardhi. Mwaka 2013 ilitiwa saini mipango ya kujenga bandari kubwa upande wa Mbegani. Mwaka 2019 mpango ukasimamishwa. Mwaka 2021 serikali ikasema mazungumzo yamefufuliwa. Kila habari kama hiyo ikitoka, bei ya viwanja hupanda, na madalali huingia vijijini na karatasi za kutia sahihi.

TUFANYE NINI?

Sisi tunaona mambo manne.

La kwanza: tusome kabla ya kutia sahihi. Ndugu, ulijifunza kusoma kwa ajili ya siku kama hiyo. Dalali akileta karatasi, isome mwenyewe, neno kwa neno. Usipoielewa, ipeleke kwenye ofisi ya kijiji au ya mtaa isomwe mbele ya mashahidi. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema anayechukuliwa ardhi kwa mradi wa umma alipwe fidia kamili, ya haki na bila kucheleweshwa. Ukiuza shamba lote leo, bandari ikija kesho utaitazama kwa mbali ukiwa mpangaji.

La pili: tulinde mawe yetu. Wapo watu wanaochukua mawe ya nyumba kongwe wakajengee banda la kuku. Jiwe la Kaole likiondoka halirudi. Mtu hasafiri kuja kutazama mahali palipokuwa na kitu.

La tatu: tupange maji, vyoo na usafi kabla ya siku za wageni. Watu wa Karbala hujiandaa mwaka mzima. Sisi tukianza kutafuta maji wageni wakiwa wameshafika, tutajikaribishia kipindupindu.

La nne: tumpokee mgeni vizuri, wa dini yoyote. Tusimpandishie samaki bei mara tatu kwa sababu tu hatumjui. Mgeni aliyedanganywa hasemi jina la muuzaji, husema jina la mji. Na kijana anayeijua historia ya mji wake anaweza kuwa kiongozi wa wageni, akapata riziki bila kuhama.

Ndugu wasomaji, Dunda haina haja ya kuwa Karbala. Kila mji una kilichouzaa. Lakini Karbala inatuonyesha kwamba mji huishi muda mrefu watu wake wakikumbuka kilichotokea pale, na wakikubali kukitunza kwa mikono yao. Mji uliotulia unaweza kufanya hivyo vizuri zaidi, kwa sababu una nafasi na una amani. Mwacha asili ni mtumwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Ni mambo gani yaliifanya Bagamoyo ikue, na ni mambo gani yaliifanya itulie?
2. Kwa nini watu waliendelea kwenda Karbala hata walipokatazwa?
3. Katika kijiji au mtaa wenu kuna mahali gani pa kumbukumbu? Nani anapatunza?
4. Mtu akija kesho kununua shamba lako, utasoma nini na utamuuliza nini kabla ya kutia sahihi?